Seneti ya Kenya: mswada unajadiliwa mchana kutwa, kura haipigwi. Utaratibu wake ukoje?

Mwalimu_Makorora (Tanga)

Habari za jioni wana jukwaa.

Klabu ya mdahalo ya kidato cha tano na sita hapa Tanga mjini inaandaa kikao cha mfano mwezi ujao. Wanafunzi safari hii hawataki Bunge la Dodoma, wanataka Seneti ya Kenya. Hoja yao ni kwamba sisi hatuna bunge la juu, basi bora waone la jirani linavyokwenda. Katiba ya Kenya ya 2010 ninayo, sura ya nane nimeipitia, na taarifa rasmi za vikao kadhaa ninazo pia.

Yaliyobaki ni haya. Siku moja ya kikao inapangwaje, nini kinatangulia nini, na saa ngapi? Halafu kuna jambo linalojirudia kwenye taarifa rasmi: mswada unajadiliwa saa mbili nzima, mtoa hoja anahitimisha, hakuna aliyepinga, akidi ipo, kisha Spika anatangaza kwamba uamuzi umeahirishwa hadi siku nyingine. Kwa nini wasiulizwe ndiyo au siyo wakamaliza? Na mwisho, nina wanafunzi 40 tu. Niwagawe vipi ili hesabu zisipotoshe picha halisi?

Naomba majibu ya kanuni. Nani yuko kambi ipi, hayo tuyaache kwenye uzi mwingine.

---

Kanuni_za_Kudumu

Mwalimu, nianze na la kura maana ndilo linaloyafungua mengine.

Seneti ya Kenya ina namba mbili ambazo hazifanani kabisa, na asiyezitenganisha hataielewa taarifa rasmi hata ukurasa mmoja. Ili kikao kiendelee wanahitajika maseneta 15. Hiyo ndiyo akidi, ibara ya 121. Ili jambo linalohusu kaunti lipite, zinahitajika kaunti 24 zinazoliunga mkono. Hiyo ni ibara ya 123, na ndiyo inayokutatiza.

Tazama muundo wenyewe. Maseneta wanaopiga kura ni 67: 47 wamechaguliwa, mmoja kila kaunti, wanawake 16 wameteuliwa na vyama kwa uwiano wa viti vilivyopatikana, vijana wawili, mwanamume na mwanamke, na watu wenye ulemavu wawili, vivyo hivyo. Spika anaongezeka kwa wadhifa wake, kura hana. Sasa, linapokuja jambo la kaunti, hawa 67 hawahesabiwi vichwa. Wanakusanywa katika jumbe 47. Kila seneta ni wa ujumbe wa kaunti alikojiandikisha kama mpiga kura, na yule aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe. Ujumbe una kura moja. Kiongozi anaipiga baada ya kushauriana na wenzake. Asipokuwepo, anaipiga seneta mwingine wa ujumbe huo aliyeteuliwa na kiongozi.

Na hoja inapita ikiungwa mkono na wingi wa jumbe zote. Neno "zote" ndilo lenye uzito. Si wingi wa waliomo ukumbini. Nusu ya 47 ni 23 na nusu, kwa hiyo ni 24. Kura 23 za ndiyo dhidi ya sifuri, hoja imeanguka.

Chukua alasiri ya kawaida. Ukumbini wamo maseneta 30, akidi mara mbili. Kati yao 18 ni wa kuchaguliwa na 12 ni wa kuteuliwa, na katika hao 12 watatu tu wameachiwa kura na viongozi wa jumbe zao. Kura zote zinazoweza kupigwa pale ni 21. Hata wote wakisema ndiyo, mswada unakufa mikononi mwa watu wanaoutaka. Ndiyo maana Spika anaahirisha kuwahoji. Anayeona ni uvivu hajahesabu.

Kinachoharibika mara nyingi ni ile barua. Kiongozi wa ujumbe anasafiri na kamati au anarudi kaunti yake, na hajamwarifu Spika kwa maandishi nani abaki na kura. Mwenzake wa kuteuliwa yupo, amekaa, amechangia hadi jasho, lakini wakati wa kura kaunti ile inakuwa bubu.

Kisha kumbuka kwamba mswada mmoja unapitia lango hili zaidi ya mara moja: kusomwa mara ya pili, uamuzi wa vifungu kwenye Kamati ya Seneti Nzima (maseneta wote wakikaa kama kamati), halafu kusomwa mara ya tatu. Viranja wa pande zote mbili, yaani maseneta wanaosimamia mahudhurio na kura za upande wao, wanafanya jambo la busara: wanazirundika kura zilizoahirishwa kwenye siku moja na kuwapigia watu simu waje. Kwenye taarifa rasmi ya siku hiyo utaona orodha ileile ya majina na kaunti zao ikijirudia kurasa kadhaa, na miswada mitatu minne ikivuka hatua kwa jioni moja. Siku ya mjadala na siku ya uamuzi ni siku mbili mbali. Ukiwafundisha wanafunzi jambo moja tu, wafundishe hilo.

---

BintiPangani

Mimi nitachukua mpangilio wa siku.

Vikao vya Seneti nzima ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa nane na nusu mchana hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumatano huongezwa na kikao cha asubuhi. Asubuhi nyingine ni za kamati, na kusema kweli kazi nzito iko huko: magavana wanahojiwa juu ya ripoti za Mkaguzi Mkuu, wananchi wanatoa maoni juu ya miswada. Kinachoonekana kwenye runinga alasiri ni kilichokwisha kupikwa.

Mpambe anaingia na siwa, lile rungu la heshima la Bunge, mbele ya Spika, siwa inawekwa mezani, Spika anasoma dua. Kabla ya lolote akidi inatazamwa. Wakiwa chini ya 15 kengele inapigwa dakika 10. Zikiisha na bado hawajatimia, kikao kinaahirishwa. Hata katikati ya mjadala seneta yeyote anaweza kusimama akasema akidi haipo, na kengele italia vilevile. Wanaotaka kuchelewesha jambo wanaitumia sana silaha hii saa kumi na moja jioni, watu wakishaanza kuondoka.

Baada ya dua shughuli zinafuata namba, na namba za mwanzo hazibadiliki hata kama hazina kitu:

1. Kiapo, kama yupo mwanachama mpya.
2. Taarifa za Spika.
3. Ujumbe, yaani barua kutoka Bunge la Taifa au kwa Rais.
4. Malalamiko ya wananchi, ambayo Wakenya wengi huyaita ardhilhali.
5. Hati za kuwasilishwa mezani.
6. Arifa za hoja.
7. Maswali na kauli.

Kuanzia namba 8 ndipo inapoanza miswada na hoja zenyewe.

Mwanafunzi atakayekuwa Katibu aelewe uzito wa kila kimoja. Namba 3 ndiyo mlango wa kisheria: mswada kutoka Bunge la Taifa hauingii kwa mtu kuubeba mkononi, unaingia kwa ujumbe unaosomwa na Spika. Ardhilhali ikisomwa, maseneta wanaweza kuitolea maoni, jumla isizidi dakika 30, kisha inakwenda kwenye kamati ambayo ina siku 60 kumjibu aliyelalamika. Hati mezani hazijadiliwi. Aliyeziwasilisha anasoma kichwa cha hati na kuketi. Wanafunzi hupenda kuanzia hotuba hapo, Spika awakatize.

Namba 7 ndiyo inayokula saa. Seneta anaomba kauli kutoka kwa kamati juu ya hospitali ya kaunti yake kukosa dawa, mwenzake anadakia kwamba kwake ni hivyohivyo, wa tatu anafuata, na saa kumi imefika hamjagusa mswada hata mmoja. Alhamisi inaongezeka kauli ya Kiongozi wa Walio Wengi, anayetangaza shughuli za wiki inayofuata.

Kwa sababu hiyo, siku yenye kura utaziona kura zimewekwa juu kabisa ya sehemu ya miswada, namba 8 na kuendelea, kabla ya mijadala mipya. Wanakamatwa wakiwa bado wamo ndani. Na Spika anaweza kupanga upya orodha akiona jumbe zimetimia ghafla, kwa hiyo msishangae namba 14 ikitangulia namba 9.

Jambo dogo linalosahaulika: saa kumi na mbili na nusu ikifika, anayezungumza anakatwa palepale. Spika anamwambia ana dakika ngapi zilizobaki, na mjadala huo ukirudi, yeye ndiye anayeanza. Mtunza saa aandike dakika hizo, asitegemee kichwa.

---

Mzee_wa_Horohoro

Waliotangulia wameeleza vizuri. Mimi naongeza: msichague mada kabla ya kuuliza kama mada hiyo inafika Seneti.

Si kila mswada unafika huko. Usiohusu serikali za kaunti unaishia Bunge la Taifa peke yake, ibara ya 109. Unaohusu kaunti ni ule unaogusa majukumu ya kaunti yaliyo kwenye Jedwali la Nne (afya, kilimo, masoko, barabara za kaunti, malezi ya chekechea na mengineyo), au uchaguzi wa viongozi wa kaunti, au fedha za kaunti. Na kabla nyumba yoyote ya Bunge haijaujadili, maspika wawili wanatakiwa wakubaliane kwamba ni wa namna gani. Hatua hiyo inaonekana ya makaratasi tu, lakini Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila kushirikisha Seneti. Mahakama ya Rufaa baadaye ilirekebisha sehemu ya uamuzi huo, ila somo lilikwisha kuingia. Kwa hiyo kwenye meza ya Katibu wenu iwepo barua ya makubaliano ya maspika wawili, hata ya mistari minne. Msipoiweka, mwanafunzi mjanja atasimama na hoja ya utaratibu, na atakuwa na haki.

Mswada wa fedha wa kodi msiuguse. Huo hauanzii Seneti.

Mada ninayoipendekeza ni fomula ya kugawana mapato baina ya kaunti. Ibara ya 217 inaipa Seneti kazi hiyo, kila baada ya miaka mitano, na inafanywa kwa azimio. Mwaka 2020 fomula ya tatu iliwagawa maseneta vibaya sana: kikao baada ya kikao kiliahirishwa bila uamuzi, hadi Septemba walipokubaliana. Kiasi kilichokuwa kikigawanywa kilikuwa shilingi za Kenya bilioni 316.5. Vigezo walivyotoka navyo vilikuwa hivi: mgao sawa kwa kila kaunti asilimia 20, idadi ya watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, na huduma za miji 5. Jumlisha, inatimia mia.

Ugomvi uko wapi? Kaunti yenye ardhi kubwa na watu wachache inataka uzito uende kwenye ardhi na umaskini. Yenye watu wengi inataka uende kwenye watu. Sensa ya 2019 iliipa Nairobi zaidi ya watu milioni 4.3, na Lamu ikapata kama 144,000. Lakini ndani ya Seneti, Lamu ina kura moja na Nairobi ina kura moja. Hapo ndipo bunge la juu linapoonekana kazi yake, na ndipo wanafunzi watakapogombana bila kuchochewa.

Kwa darasa, punguzeni vigezo hadi vinne: mgao sawa, watu, umaskini, ardhi. Wekeni fungu la kubuni linalogawanyika vizuri. Mkiwa na kaunti 26, chukueni 2,600. Asilimia moja inakuwa 26. Mgao sawa wa asilimia 20 ni 520, kila kaunti inapata 20. Anayetaka kuhamisha asilimia 5 kutoka watu kwenda ardhi anahamisha 130, na aseme waziwazi inatoka kwa nani. Bila tarakimu mbele yao wataishia kusema "haki itendeke" saa nzima.

Msichanganye na mswada mwingine wa kila mwaka, ule wa kugawana mapato kati ya serikali kuu na kaunti zote kwa pamoja. Nyumba hizo mbili huvutana kila mara juu yake. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilisema bilioni 310, Seneti ikasema 335, mwisho zikawa 316.5. Mwaka 2025 zilianza 405 na 465, zikaishia 415. Kinachozisogeza ni kamati ya upatanishi, ibara ya 113: idadi sawa ya wajumbe kila upande, siku 30. Wakishindwa kuelewana, au nyumba mojawapo ikikataa walichopatana, mswada umekufa. Katiba inaweka sakafu: kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na asilimia hiyo hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa, ambazo mara nyingi ni za nyuma kidogo. Ndiyo maana asilimia zinazotajwa bungeni na zile za magazetini hazilingani.

---

Mwalimu_Makorora (Tanga)

Nawashukuru sana, hasa mzee wangu wa Horohoro kwa zile tarakimu.

Nina nyongeza moja. Nusu ya klabu wanang'ang'ania kikao cha kumwondoa gavana badala ya fomula, kwa sababu kuna mashahidi na mawakili. Je, hapo pia ni 24? Nilifuatilia lile la Naibu Rais Oktoba 2024 na kura zilizotangazwa zilikuwa nyingi kuliko kaunti zilizopo.

---

Dunda_Bagamoyo

Gavana ni 24. Naibu Rais ni hesabu nyingine. Umeona vizuri.

Kumwondoa Rais au naibu wake kunahitaji theluthi mbili ya maseneta wote, kila seneta na kura yake, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa sawasawa. Theluthi mbili ya 67 ni 44 na kitu, kwa hiyo 45. Tarehe 17 Oktoba 2024 Rigathi Gachagua alipigiwa kura shitaka kwa shitaka. La kwanza lilipata 54 dhidi ya 13. Jumla 67, hakuna aliyekosa. Mashitaka yalikuwa 11, matano yakapita. Lingepita moja tu, lingetosha.

Gavana anaondolewa chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 33, na kura ni za jumbe. Mwenendo wake ni huu. Baraza la kaunti linapitisha hoja kwa theluthi mbili ya wajumbe wake wote. Spika wa kaunti anamwarifu Spika wa Seneti ndani ya siku mbili. Spika wa Seneti anaitisha kikao ndani ya siku saba, na mashitaka yanasomwa. Hapo njia inagawanyika: ama Seneti iunde kamati maalumu ya watu 11, ama isikilize yenyewe ukumbini. Kamati ina siku 10. Ikisema mashitaka hayakuthibitika, shauri limekwisha, nyumba haipigi tena kura. Ikisema yamethibitika, gavana anasikilizwa na nyumba, kisha jumbe zinapiga kura.

Kwa hiyo mapambano ya kwanza kabisa ni kuchagua njia, na wanafunzi wengi hupitiwa na hilo kwa sababu wana haraka ya kufika kwa mashahidi. Juni 2020 shauri la Anne Waiguru wa Kirinyaga lilikwenda kwenye kamati, ikasema halikuthibitika, akabaki. Ferdinand Waititu wa Kiambu, Januari mwaka huohuo, na Mike Sonko wa Nairobi, Desemba, walisikilizwa na nyumba nzima na wote wakaondoka. Kawira Mwangaza wa Meru aliokoka mwaka 2022 kwa njia ya kamati, akaokoka tena 2023 mbele ya nyumba nzima, akaondolewa Agosti 2024 na nyumba nzima. Sisemi kamati ni kinga, maana wapo walioondolewa kwa njia hiyo pia. Ila mtetezi wa gavana atakayelala wakati wa hoja ya kuunda kamati ameshapoteza nusu ya kesi.

Kura ikishindikana, baraza la kaunti haliwezi kurudi na mashitaka yaleyale mpaka ipite miezi mitatu.

Ushauri wangu, mwalimu: kama muda wenu ni kipindi kimoja, gavana hatoshei. Hata mkifupisha, kuna kusoma mashitaka, ufunguzi wa pande mbili, mashahidi, maswali ya maseneta, majumuisho. Fomula inatoshea.

---

Salma_Chumbageni

Kwani wasihesabu tu wingi wa jumbe zilizohudhuria siku hiyo? Ni kikao cha mfano, nusu ya wanafunzi wakiugua malaria itakuwaje?

---

Kanuni_za_Kudumu

Dada Salma, mkifanya hivyo mtakuwa mmecheza Bunge la Dodoma kwa majina ya Kikenya. Kwetu akidi ni nusu ya wabunge wote, ila jambo la kawaida likishafika kwenye kura linaamuliwa na wingi wa waliohudhuria na kupiga kura. Kule ni kinyume: kukaa ni rahisi, kuamua ni kugumu. Na kile kigugumizi chenyewe ndicho mwalimu alichouliza. Wakiugua, Spika aahirishe kura. Ndivyo inavyokuwa Nairobi.

Sasa mgawanyo wa wanafunzi 40. Ondoa watatu: Spika, Katibu, Mpambe. Wanabaki 37. Katika Seneti halisi wa kuchaguliwa ni 47 kati ya 67, yaani asilimia 70. Kwenu ni 26. Wa kuteuliwa ni 11. Jumbe 26, hivyo hoja ya kaunti inahitaji 14. Akidi 15 kwa 67 inakuwa 8 na kidogo kwenu, wekeni 9. Mkifanya jambo la theluthi mbili ya wote, ni 25.

Kaunti za Pwani wekeni zote sita (Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu, Taita Taveta), wanafunzi wa Tanga wanazijua. Nyingine 20 chagueni kwa makusudi: zenye watu wengi kama Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kakamega, na zenye ardhi kubwa kama Turkana, Marsabit, Wajir na Garissa. Mkichagua za upande mmoja tu fomula itapita dakika kumi.

Wale 11 wa kuteuliwa wasipewe kaunti 11 zenye sauti sawa. Watieni kwenye jumbe 7 au 8, nyingine ziwe na wawili, nyingi zisiwe na yeyote. Halafu, bila kutangaza, waambieni viongozi wa jumbe sita wasifike siku ya kura, na watatu tu kati yao waache barua. Mtaona wenyewe nani kati ya viranja amefanya kazi yake.

Kura ikifika, Spika kwanza atamke kwamba jambo hili linahusu kaunti. Akisahau kutamka, mtu ainuke amkumbushe, kwa sababu kutamka huko ndiko kunakoamua mpige kwa vichwa au kwa jumbe. Kengele ipigwe, kisha milango ifungwe na kizuizi kivutwe. Aliyebaki nje amebaki nje, hata akiwa Kiongozi wa Walio Wengi. Wateuliwe wahesabu kura wawili, mmoja kila upande. Katibu aite kaunti moja moja. Anayejibu ataje jina, kaunti, na ndiyo, siyo, au sina upande. Katibu aandike vyote vitatu, maana kwenye taarifa rasmi lazima ionekane kura ya Kwale ilipigwa na nani, kiongozi mwenyewe au mwakilishi wake. Kura zikilingana hoja imeanguka. Spika hana kura ya turufu.

Kwa Kamati ya Seneti Nzima: Spika anaondoka kitini, siwa inashushwa chini ya meza, mwenyekiti wa kamati anakaa. Vifungu vyote vipendekezwe na marekebisho yake, uamuzi uahirishwe, halafu kura zipigwe kwa mafungu, vifungu vyenye marekebisho fungu moja na visivyo na marekebisho fungu jingine. Msiite kaunti 26 kwa kila kifungu, mtalala hapo.

---

BintiPangani

Nyongeza ya lugha, maana hawa ni wanafunzi wa Tanga na watachanganya. Katiba ya Kenya, ibara ya 120, inataja lugha tatu za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara ya Kenya. Kanuni za Seneti zinamtaka aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyohiyo. Aliyeanza kwa Kiswahili akateleza sentensi nzima ya Kiingereza, mwenzake ana haki ya kusimama kwa hoja ya nidhamu na Spika amrudishe. Kunukuu kifungu cha mswada kilichoandikwa kwa Kiingereza si kosa.

Na saa, mwalimu: kama mna dakika 120, toa 5 za dua, akidi na taarifa za Spika, 10 za ardhilhali moja, 15 za kauli, 50 za mjadala wa fomula, 25 za kamati na marekebisho, 15 za kura. Kauli zisizidi hizo 15 hata wakilia.

---

Mwalimu_Makorora (Tanga)

Tumeamua ni fomula. Barua ya maspika wawili nitaiandaa, na viranja nitawapa orodha ya jumbe wiki moja kabla. Mzee wa Horohoro, zile tarakimu za ukubwa wa ardhi na umaskini wa kaunti 26 nizipate wapi kwa pamoja?

---

Mzee_wa_Horohoro

Idadi ya watu na eneo la kilomita za mraba chukua kwenye juzuu ya kwanza ya ripoti ya Sensa ya 2019 ya Ofisi ya Takwimu ya Kenya, kaunti zote 47 zimo kwenye jedwali moja. Umaskini uko kwenye ripoti zao nyingine za hali ya umaskini. Chukua mwaka mmoja kwa kaunti zote, usichanganye miaka. Kisha geuza kila safu iwe sehemu ya jumla ya kaunti zenu 26, si ya 47, la sivyo migao haitajumlisha 2,600 na mtu wa Turkana atakushika koo.